Pishi ya Mfuto, Pishi ya Tele

Gulwe, 24 Novemba 1912

Kaka Yoramu, shikamoo.

Barua yako imefika, nimemsomea mama mara mbili. Mara ya pili ni kwa sababu alitaka kusikia tena pale uliposema duka la nafaka lina kufuli na ufunguo unakaa kwako. Sisi wazima. Mvua bado. Shamba la bondeni amekwisha lilima, sasa anatazama mawingu tu na kuyasema vibaya.

Umeniagiza niende guliloni kila Jumamosi nikuandikie bei ya uwele. Nakwenda. Lakini nikwambie ninavyokwenda, maana wewe unanijua na hutacheka sana. Siulizi bei. Jumamosi ya kwanza nilijaribu. Nilimsogelea Mwantum, yule mama wa Kondoa anayeuza karibu na stesheni, akaniambia sema binti, na sauti ikanikimbia. Nikanunua chumvi ambayo hatukuihitaji. Sasa nasimama nyuma ya wanawake wengine kama ninayengoja zamu. Wao wanabishana na Mwantum, mimi nasikiliza na kutazama mikono. Ndivyo nilivyojua kwamba pishi moja ya uwele ilikuwa hela kumi, kisha kumi na mbili, na jana kumi na tano.

Kuna jambo nimeliongeza mwenyewe. Pale shuleni Mpwapwa tulikuwa tunafanya hesabu kwa Kigogo kwanza, kwa mawe, kisha tunaiandika kwa Kiswahili kwenye ubao. Mimi bado nafikiri kwa mawe. Naweka bei ya leo, naondoa bei ya magulio matatu nyuma, na mawe yanayobaki ndiyo ninayoyatazama. Bei inaniambia mtu amefika wapi. Yale yanayobaki yananiambia anakwendaje. Mtu anayepanda mlima wa Kiboriani, ukimtazama kichwa utaona bado anapanda, lakini miguu imekwisha anza kuchoka. Mimi natazama miguu.

Kwa sasa miguu ina nguvu, kaka. Kama una uwele, usiuze wote.

Ndimi mdogo wako,
Dorkasi


Dodoma, 3 Desemba 1912

Dorkasi,

Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya gunia. Watu wa Nzuguni wamefika tangu jua halijatoka, wamejaa hadi barabarani, na mkono wangu wa kupimia umevimba. Ulisema kweli, bei inakwenda mbio. Wewe mtoto una kichwa, ingawa mdomo uliuacha tumboni kwa mama.

Habari za mawe na miguu niachie. Nitumie bei, inatosha.

Mwambie mama nitamletea kanga. Wananiita.

Yoramu


Gulwe, 29 Desemba 1912

Kaka Yoramu, shikamoo. Krismasi imepita salama, tulikula ugali na mlenda na kuku mmoja, yule jogoo mkorofi. Mvua imeanza. Mama amepanda.

Ulisema nitume bei tu. Pishi ni hela ishirini na tatu. Sasa nisamehe nikuandikie na lile ulilokataa, maana usiku silali vizuri nikiwa nalijua peke yangu.

Bei bado inapanda, lakini hatua zimefupika. Mwisho wa Novemba ilipanda kwa tatu, Jumamosi iliyofuata kwa mbili, na tatu za mwisho kwa moja moja. Watu guliloni wanasema itafika arobaini. Mimi naona mtu aliyechoka ambaye hajakaa chini bado. Uza, kaka. Uza akiwa bado yuko juu.

Mama anasema hajali bei ya uwele, anajali wale ng'ombe wanne wa marehemu baba walioko kwa mzee Matonya, njia ya Kongwa. Anasema wakiwa kule analala, kwa sababu hakuna anayeweza kuwauza kwa hasira za siku moja. Sijui kwa nini aliyasema hayo wakati nikikuandikia. Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Dorkasi


Dodoma, 20 Januari 1913

Dorkasi,

Nilikusikiliza. Niliuza magunia kumi baada ya barua yako, na sikio langu likafurahi kusikia hela zikilia. Wiki ile ile mto ukala tuta la reli huko huko kwenu Gulwe, treni ikasimama, na Dodoma haikuingia punje moja. Bei ikaruka hadi ishirini na saba. Waliouza baada yangu wamejenga, mimi nimebaki nikiwatazama wakinunua bati.

Mto uko mlangoni kwako, na hukuuona. Ulikuwa unatazama miguu.

Sina hasira, wewe ni mdogo wangu. Ila tangu leo nitumie bei na tarehe. Hatua, uchovu, milima, baki navyo.

Yoramu


Gulwe, 9 Februari 1913

Kaka Yoramu, shikamoo.

Barua yako ilinikaa kifuani siku nyingi. Nilikosea, na kosa langu limekuumiza wewe, si mimi. Nilidhani miguu inasema kila kitu. Kumbe mtu aliyechoka akifukuzwa na mbwa atakimbia tena. Mto ulikuwa mbwa. Sasa najua kwamba hatua zikifupika lazima niulize na kitu kingine kabla ya kukwambia uza.

Reli wameitengeneza, treni inapita. Bei ni hela ishirini na nane. Jumamosi iliyopita ilikuwa ishirini na nane. Iliyotangulia, ishirini na nane.

Hapo ndipo uliponiambia nikome. Sikomi, kaka.

Wewe unaipima pishi kila siku, kwa hiyo labda huioni tena. Mwezi wa kumi na mbili Mwantum alikuwa anauza pishi ya mfuto. Anajaza, kisha anapitisha kijiti juu ya mdomo wa pishi, shwaa, kila punje iliyozidi inarudi guniani. Kuna mama alimlilia aache kijiti, Mwantum akamwambia kijiti hiki ndicho mume wangu. Watu wote wakacheka, na akakipitisha.

Mwishoni mwa mwezi uliopita alipitisha kiganja badala ya kijiti. Kiganja kinaacha kidogo. Jumamosi iliyofuata hakupitisha kitu. Jana alijaza pishi ya tele, ikawa na kilele kama kichuguu, na mnunuzi alipoondoka alimwita arudi akamwongezea konzi moja. Yule yule wa kijiti. Na bei bado anaitaja ishirini na nane, kwa sauti, ili wauzaji wenzake wasikie.

Hawashushi bei, kaka. Wanaoneana haya. Wa kwanza kutaja ishirini na tano wenzake watamla mzima. Kwa hiyo wanashusha kwa mkono na mdomo unabaki juu. Nimejaribu nyumbani kwa pishi ya mama. Tele ile na konzi lake ni pishi na robo. Maana yake bei imekwisha anguka, ila haijatangazwa.

Uza ulichonacho. Safari hii nimetazama na mto pia. Uko chini.

Dorkasi


Dodoma, 16 Februari 1913

Kwa mdogo wangu mpendwa Dorkasi, binti wa marehemu baba yetu, salamu nyingi kama majani ya mlenda.

Mimi mzima kabisa. Dodoma imekuwa mji, ungeiona ungeshangaa. Karani wa stesheni amenunua viatu vyeupe na mvua ikamkuta katikati ya uwanja. Alivivua akavibeba kichwani kama mama anayebeba mtungi, na askari wa boma wakampigia saluti. Tulicheka hadi jioni. Bwana mmoja Mdachi ana mbwa anayekula nyama ya kopo. Jana nilikaa mlangoni nikahesabu punda waliopita, nikawapa wote majina. Mmoja nilimwita Dorkasi, kwa sababu alipita pembeni bila kumgusa mtu.

Sasa tuje kwenye mambo ya wanaume. Kuna behewa zima la uwele linakuja kutoka upande wa Tabora kabla ya Pasaka. Mwenyewe anataka kuliuza lote kwa mkupuo. Bei ni ishirini na nane na haitetereki, wewe mwenyewe umeandika hivyo mara tatu. Bei isiyotetereka ni bei yenye mizizi. Nikilipata behewa hilo nitauza hadi mwezi wa tano, na mama hatashika jembe tena maisha yake yote.

Habari ya tele nimeisoma. Mwantum ni mwanamke, amemwonea mtu huruma. Hiyo si bei.

Nahitaji wale ng'ombe wanne. Namtuma Shaaban, mnunuzi wa ng'ombe wa kutoka Kondoa, mtu mwaminifu. Wewe unajua desturi: mzee Matonya hawezi kumpa mgeni ng'ombe aliowekeshwa bila mtu wa nyumba yetu kusimama zizini. Mama ana palizi. Nenda wewe na mama mdogo Zipora. Karatasi ya pili niliyoitia humu ni ya mzee, msomee. Ukimaliza kusoma kazi yako imekwisha, wala huhitaji kusema kitu. Najua hilo litakufurahisha.

Kaka yako akupendaye,
Yoramu


Gulwe, 27 Februari 1913

Kaka Yoramu, shikamoo.

Nimekwenda na nimerudi. Nitakueleza yote kwa mpangilio, kwa sababu Shaaban naye atakueleza, na sitaki usikie kwake kwanza.

Mama nilimsomea barua yako. Akasema wewe ndiye mkubwa wa nyumba sasa, neno la ng'ombe ni lako. Akaniambia nenda ukasome yaliyoandikwa. Tukaondoka na mama mdogo Zipora, Shaaban mbele na fimbo yake. Ni mtu mwema, kweli. Alitugawia tende njiani.

Tulimkuta mzee Matonya anavuta ugoro, ng'ombe wamekwisha ingia zizini. Nikawaona wanne wetu. Yule mwenye pembe iliyopinda ana mimba. Mzee aliniamkia mbukwa, nikaitikia kwa kichwa kama kawaida yangu, akamwuliza mama mdogo kama bado hawajanitafutia dawa ya ulimi. Nikafungua karatasi yako nikasoma. Nilisoma yote, kaka. Sikuruka neno, hata pale uliposema hili ni jambo la hakika. Nilipomaliza, mzee akasema kijana huyu anaandika kama mtu anayehutubia jeshi. Kisha akainuka kwenda kufungua zizi.

Nilijua kwamba nikikaa kimya kama ulivyosema, basi, imekwisha.  Nikasikia mtu anasema, na nikageuka kumtazama mama mdogo. Kumbe ni mimi.

"Mzee, usiwatoe."

Shaaban akacheka, bila ubaya. Akasema, "Binti, wewe ni msomaji. Barua imekwisha."

"Mwache," mzee akamwambia. "Huyu tangu azaliwe hajanipa sentensi nzima. Leo amenipa moja. Nataka ya pili."

Nikawaeleza. Sijui nilianzia wapi, nadhani nilianzia kwenye kijiti cha Mwantum. Nilieleza bei iliyosimama na mkono unaoongeza. Nilikiri na kosa langu la mwezi wa kwanza, la mto, ili wasije wakalisikia kwako wakaona nimewaficha. Nikaona mzee hajashawishika. Kwake mimi ni mtoto anayehesabu mawe. Ndipo nikamgeukia Shaaban, kaka, na hapa ndipo utakaponikasirikia zaidi. Nilimwuliza kama alinunua uwele Dodoma kabla ya kuja. Akasema ndiyo, wa njiani, tena dukani kwako. Nikamwuliza ulimpimiaje.

Aliiweka fimbo yake chini. Mzee akamtazama. Shaaban akasema, "Ng'ombe nawataka, sitaficha. Lakini chakula sikisemei uongo. Alinipimia tele, ikamwagika. Akaniambia niokote na zilizomwagika."

Mzee akarudi akakaa chini. Akasema ng'ombe hawatoki kwa karatasi. Unawataka, uje mwenyewe usimame zizini useme kwa mdomo wako.

Hayo ndiyo niliyoyasema mbele yao. Hili sikulisema kwa mtu, nakwambia wewe tu. Mwezi wa kumi na mbili uliniandikia umesimama, barua ikaisha katikati. Barua hii ya mwisho ina karani, viatu, mbwa na majina ya punda. Imekuwa ndefu, kaka. Watu wa Nzuguni hawaji tena, sivyo?

Usinunue behewa lile.

Dorkasi


Dodoma, 4 Machi 1913

Dorkasi,

Shaaban amerudi mikono mitupu na amenisimulia kwa adabu, jambo ambalo ni baya kuliko angenitukana. Umenivua nguo mbele ya mnunuzi na mbele ya rafiki wa baba. Nilikutuma ukasome, ukaenda kunihukumu.

Duka langu silijui kuliko wewe uliyejificha nyuma ya wanawake? Usiniandikie bei tena.

Yoramu


Gulwe, 9 Machi 1913

Kaka, shikamoo.

Umenikataza kukuandikia bei. Nililia, kisha nikapalilia, kisha nikafikiri.

Kama nimekudhalilisha, nisamehe, sikutaka iwe mbele ya watu. Kama nimesema, hilo siliombei msamaha. Nilingoja mtu mwingine aseme na hakuwako.

Jana sikusimama nyuma. Nilikwenda mbele ya Mwantum nikamwuliza mwenyewe, pishi hela ngapi. Alishangaa, akasema kumbe una meno. Akanitajia ishirini na mbili, mbele ya wenzake wote, na wenzake hawakumla. Nao walikuwa wanataja hiyo hiyo.

Unaweza kuichana hii. Nimekwisha iandika.

Dorkasi


Dodoma, 18 Machi 1913

Mdogo wangu Dorkasi,

Behewa sikulinunua, kwa sababu sikuwa na cha kununulia. Amelichukua mfanyabiashara mwingine, na sasa limemkalia. Juzi nilimwona amekaa juu ya magunia, na nilijiona mimi.

Nitakwambia kweli. Ulipouliza kuhusu watu wa Nzuguni, niliitupa barua yako chini ya meza, kisha nikaiokota. Walikuwa wamekwisha acha kuja. Kule kwao maboga yametoka na mahindi mabichi yapo, nani atoke Nzuguni kwa miguu aje kununua uwele wa mwaka jana? Nilikuwa nakaa mlangoni kutwa. Nilikuwa napima tele bila kujiambia kwamba napima tele. Mkono ulijua na mimi nilikataa kuuliza mkono. Nilidhani behewa moja kubwa lingefuta yote, na ng'ombe wa baba wangekuwa daraja tu.

Nimeuza kilichobaki kwa bei niliyonunulia, na mengine chini ya hapo. Kanga ya mama haipo. Nina magunia matupu na ufunguo wa duka ambalo nalirudisha kwa mwenyewe mwisho wa mwezi.

Mama umsomee kwamba msimu umekwisha salama na kwamba namsalimu. Kuanzia hapa usisome.

Sitarudi sasa. Wanatafuta vibarua wa reli upande wa Kilimatinde, nitakwenda huko, mwaka mmoja au miwili, hadi niwe na kitu mkononi. Siwezi kuingia nyumbani hivi. Niliondoka nikiahidi kwamba hatashika jembe tena, nawe unajua jinsi mama anavyotazama asiposema kitu. Hayo macho siyawezi. Mzee Matonya umwombe radhi kwa niaba yangu.

Ulikuwa sahihi, na nina hasira bado kidogo. Itapoa.

Yoramu


Gulwe, Jumatatu ya Pasaka, 1913

Kaka Yoramu, shikamoo.

Nimemsomea mama yote. Hata pale ulipoandika kuanzia hapa usisome, nilisoma na hayo maneno. Nilifikiria kuruka, karatasi ikiwa mkononi na yeye akiwa anachambua mlenda mbele yangu. Lakini ng'ombe walipona kwa sababu kwa mzee Matonya nilisoma kila kitu kisha nikasema langu. Sijui njia nyingine sasa.

Hakuniangalia. Aliendelea kuchambua hadi ungo ukaisha.  Kisha akaniambia nichukue kalamu, niandike hivi hivi, nisipambe:

"Mwambie uwele wa bondeni umetoa masuke. Ndege wameshuka tangu Ijumaa Kuu. Mwambie ndege hawana habari na aibu yake. Aje apige kelele."

Hayo ndiyo yote. Kanga hakuitaja. Jembe hakulitaja.

Langu ni hili. Nimejenga madungu mawili ya kufukuzia ndege shambani, mama amenisaidia kufunga kamba. Alfajiri napanda la upande wa mto, natupa mawe kwa kombeo na kupiga kelele hadi jua linazama. Ungenisikia. Mke wa fundi reli alikuja akidhani kuna mtu anauawa. Sauti imekauka, leo nimemwitikia mama kwa kunong'ona, na kesho nitapanda tena, hata kama itabidi nigonge debe.

Lakini siwezi kuwa pande zote mbili. Nikiwafukuza huku wanaruka wote kwa pamoja na kutua kule. Treni ya kutoka Dodoma inapita hapa Jumatano. Dungu la upande wa reli halina mtu.

Dorkasi